Sauti ya chini isipotee: kupandisha rekodi dhaifu kabla ya kuirusha hewani

Maandishi ya kipindi. Msomaji mmoja, dakika 15 hivi. Kwa redio za jamii, vikundi vya wasikilizaji na wote wanaojitolea kurekodi vijijini. Kituo kinaweza kuyasoma kama yalivyo au kuyatafsiri kwa Kimakwe, Kimakonde au Kimwani. Ukitafsiri, badilisha mifano ya maneno ifuate lugha yako.

KIASHIRIO: Muziki wa kipindi, sekunde 10. Unashuka, kisha unaondoka kabisa.

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na mtu anayebeba simu au kinasa sauti, akaenda kwa watu, akawasikiliza, kisha akarudi na maneno yao ili sisi wengine tuyasikie redioni.

Tuchukue mfano. Umefika Nhica do Rovuma, wilaya ya Palma, kwenye barabara inayotoka Palma kwenda Pundanhar na Nangade, si mbali na mto Ruvuma. Bibi mmoja amekubali kuzungumza. Anawaonya watoto na wajukuu wanaorudi mashambani baada ya kukaa ukimbizini: wakiona kitu cha chuma wasichokijua, wasikiguse, waende kutoa habari. Anazungumza taratibu, kwa sauti ya chini, kama wazee wengi wanavyozungumza barazani. Nyumba ya pili kuna mtu anatwanga. Upepo unapita kwenye makuti.

Umerudi mjini, umefungua faili kwenye kompyuta. Badala ya mawimbi ya sauti yaliyonenepa, unaona mstari mwembamba kama uzi. Ukicheza, unasikia mtu kwa mbali. Utafanya nini?

Wengi hukimbilia jambo moja: kupandisha sauti mpaka mwisho. Hapo ndipo maneno mengi mazuri yanapoharibikia. Leo tutaeleza kwa nini, na njia gani ni salama zaidi.

SAUTI: Sekunde 5 za rekodi iliyo chini sana. Kimya. Sekunde 5 za rekodi hiyohiyo iliyopandishwa kupita kiasi, ikikwaruza.

MTANGAZAJI: Umesikia mara mbili. Mara ya kwanza maneno hayakufika. Mara ya pili kelele zimefika, na maneno bado hayakueleweka.

Tuanze na kipimo. Sauti hupimwa kwa desibeli. Ndani ya programu za kuhariri sauti, sifuri ndiyo dari. Sauti yote hukaa chini ya dari hiyo, kwa hiyo namba huandikwa na alama ya kutoa: desibeli −6, −20, −40. Kadiri namba inavyokuwa mbali na sifuri, ndivyo sauti ilivyo ndogo. Ukiongeza desibeli 6, urefu wa wimbi kwenye kioo huwa mara mbili. Ukiongeza 20, huwa mara kumi. Sikio lina hesabu yake: kwa watu wengi, nyongeza ya desibeli 10 ndiyo husikika kama sauti imekuwa kubwa mara mbili.

Wimbi likisukumwa kupita dari, kompyuta hukata kichwa chake. Kilichokatwa hakirudi tena baada ya faili kuhifadhiwa, na msikilizaji husikia mkwaruzo. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuwa mwangalifu.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ndiyo kiini cha kipindi cha leo: ukipandisha rekodi, unapandisha vyote vilivyomo. Kompyuta haimjui bibi. Ikiambiwa iongeze desibeli 20, itaongeza 20 kwenye maneno yake, 20 kwenye mchi unaotwanga, 20 kwenye upepo, na 20 kwa jirani anayepiga simu nyuma ya ukuta. Kwa hiyo kazi ya mhariri ni kuamua kwanza kipi kisikike, ndipo apandishe.

KIASHIRIO KIFUPI: Sekunde 3.

MTANGAZAJI: Sasa tuingie kazini. Tutatumia Audacity, kwa sababu ni programu ya bure, imekuwepo tangu mwaka 2000, na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani isiyo na intaneti. Kwa kuwa kompyuta nyingi za Msumbiji zimewekwa kwa Kireno, tutataja amri kwa majina ya Kireno. Ukiwa na programu nyingine, kazi ni zilezile.

Hatua ya kwanza: tengeneza nakala. Faili ya asili isiguswe. Iweke kwenye folda yake, andika tarehe na mahali, fanya kazi kwenye nakala. Mtu akija kuuliza bibi alisema nini hasa, faili ya asili ndiyo shahidi.

Hatua ya pili: vaa hedfoni, sikiliza yote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kugusa kitu. Andika dakika na sekunde ya kila jambo: hapa neno halisikiki, hapa kikohozi, hapa pikipiki, hapa mtu ameita jina. Orodha hii itakuokolea muda mwingi baadaye, na utaona punde kwamba inaweza kuokoa zaidi ya muda.

Hatua ya tatu: punguza mngurumo wa chini. Upepo ukipiga maikrofoni hutoa mngurumo mzito ambao redio ndogo haiwezi hata kuutoa vizuri, lakini unakula nafasi chini ya dari. Tumia kichujio kinachozuia sauti nzito na kuacha nyembamba zipite, ukiweka mpaka kwenye hezi 80 au 100. Sauti ya mwanamke au mtoto haitaguswa, na ya mwanamume itaguswa kidogo tu.

Hatua ya nne: tafuta kilele kinachokuzuia. Hapa ndipo wengi hukwama. Unachagua rekodi yote, unaita amri ya Amplificar, nayo inakuambia unaweza kuongeza desibeli 2 tu. Unashangaa, maana sauti iko chini sana. Angalia mawimbi vizuri. Mahali fulani kuna mchomozo mmoja mrefu: simu imegongwa, mtu amekohoa, mlango umefungwa. Programu hupima nafasi iliyobaki kati ya kilele kirefu kuliko vyote na dari, kwa hiyo kikohozi kimoja kinaweza kuishikilia chini rekodi ya dakika 10 nzima.

Programu itakupa kisanduku cha kuruhusu kuvuka dari. Usikiguse. Nenda kwenye mchomozo wenyewe, uchague peke yake. Kama ni kishindo kati ya sentensi mbili, kikate au kinyamazishe. Kama kiko juu ya neno, kishushe kwa desibeli 10 au 15 mpaka kilingane na majirani zake. Kisha rudi kwenye Amplificar. Utakuta nafasi imefunguka.

Hatua ya tano: pandisha. Usifike sifuri. Acha kilele kwenye desibeli −3 hivi, kwa sababu bado kuna kazi mbele. Amri ya Normalizar hufanya jambo linalofanana: unaitajia kilele unachotaka, nayo hupeleka rekodi hapo. Inafaa ukiwa na faili nyingi, lakini nayo hutazama kilele tu, kwa hiyo kikohozi kitaizuia vilevile.

Hatua ya sita: sawazisha. Bibi ameanza kwa nguvu, akashuka, na mwisho wa kila sentensi sauti imezama. Kuna njia mbili. Njia ya mkono ni kuchagua sentensi moja baada ya nyingine, au hata neno moja, na kuipandisha kiasi inachohitaji: hapa 4, hapa 7. Kwa mahojiano ya dakika 3 au 4, njia hii ndiyo bora, kwa sababu sikio lako linaamua kila mahali. Njia ya mashine ni Compressor. Hii hushusha sauti zinazozidi kiwango ulichoweka na kuziacha zilizo chini yake. Ukiiweka kwenye uwiano wa 3 kwa 1, sauti iliyozidi kiwango kwa desibeli 3 itatoka ikiwa imezidi kwa 1 tu. Tofauti kati ya kubwa na ndogo inapungua, kisha unapandisha yote kwa pamoja.

Tahadhari: Compressor iliyokazwa sana hupandisha kelele kila bibi anaponyamaza kuvuta pumzi. Utasikia upepo ukija na kuondoka kama mawimbi ya bahari. Ukilisikia hilo, legeza.

SAUTI: Sekunde 8 za rekodi iliyosawazishwa vizuri.

MTANGAZAJI: Labda unauliza: na amri ya kuondoa kelele, mbona hatujaitaja? Tumeiweka kando kwa makusudi, maana inahitaji maneno yake.

Redução de ruído hufanya kazi hivi. Unachagua sekunde moja au mbili ambapo hakuna anayezungumza, kuna kelele tupu. Programu inaikariri kelele hiyo. Kisha unachagua rekodi yote, na programu inapunguza kila kinachofanana nayo. Kwa kelele isiyobadilika, kama jenereta iliyo mbali au mvumo wa maikrofoni yenyewe, inasaidia, na ni vizuri kuipitisha kabla ya kupandisha. Kwa mchi, jogoo au watoto wanaocheza, haisaidii, kwa sababu kelele hizo hubadilika kila mara.

Ikikazwa kupita kiasi, amri hii hula maneno. Sikiliza mfano huu kwa makini.

Bibi amesema: mkiona kitu cha chuma, msikiguse. Sasa ondoa silabi moja ndogo, silabi ya "si". Kinachobaki ni: mkiguse.

Ndugu msomaji, uhai wa mtu umekaa ndani ya silabi hiyo moja. Katika Kiswahili, makatazo mengi hubebwa na "si" iliyojificha katikati ya neno: usinywe na unywe, msivuke na mvuke, msirudi na mrudi. Na sauti ya herufi S ndiyo dhaifu kuliko jirani zake. Irabu kama A na O hutoka kwa nguvu kifuani. S ni hewa tu inayopita kwenye meno, na nguvu yake kubwa iko juu sana, zaidi ya hezi 4,000. Kwa kompyuta, S inafanana mno na mvumo wa upepo. Ukiambia programu iondoe mvumo, itaondoa na S.

Simu nayo ina lake. Mawasiliano ya kawaida ya simu yalitengenezwa kupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400. S hukatwa sehemu kubwa kabla hata haijafika kwako. Ujumbe wa sauti unaotumwa kwa WhatsApp hupitisha zaidi ya hapo, lakini nao umebanwa ili uwe mdogo. Kwa hiyo ukitumiwa rekodi na mwenzako aliye kijijini, mwambie arekodi kwa programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu yake, kisha aitume kama hati, si kama ujumbe wa sauti. Faili itakuwa kubwa zaidi na itachukua muda kufika pale mtandao ulipo dhaifu, lakini itafika kama ilivyo.

Basi kanuni yetu ni hii. Ukiamua kupunguza kelele, anza na desibeli 6. Sikiliza. Ukipita 12, maneno huanza kusikika kama yanatoka ndani ya maji. Kisha tafuta kila katazo na kila namba kwenye rekodi, uzisikilize moja moja. Silabi ya "si" ikiwa imefifia, chagua silabi hiyo peke yake na uipandishe desibeli 3 au 4. Ikiwa bado haisikiki, usilazimishe. Mtangazaji aseme mara baada ya bibi: "Bibi anasema, tusikiguse. Tusiguse kabisa." Msikilizaji wa mbali atapata alichohitaji, na bibi atabaki na sauti yake.

Hili lina uzito pale tulipo. Msumbiji ilitangazwa Septemba 2015 kuwa imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini yote yaliyojulikana. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimeacha mabaki mapya. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbia, wengine kwa miguu hadi Nangade na Mueda, wengine kwa boti hadi Pemba, na simu zikakatika. Aliyerudi shambani baada ya miaka haijui tena ardhi yake kama alivyoijua. Anategemea maneno ya watu, na maneno hayo yanamfikia kupitia spika ndogo ya redio iliyotundikwa mtini.

KIASHIRIO KIFUPI: Sekunde 3.

MTANGAZAJI: Tumesema kwamba ukipandisha unapandisha vyote. Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao ni usalama wa watu.

Rekodi iliyo chini huficha mambo. Kabla ya kuipandisha, jirani aliyekuwa akizungumza nyuma ya ukuta alikuwa mnong'ono usioeleweka. Baada ya desibeli 20, anaweza kusikika akitaja jina la mtu, au njia aliyopita, au nyumba ambamo mgeni amelala. Bibi alikupa ruhusa ya kutumia maneno yake. Jirani hakukupa. Wala hakujua kama alikuwa anarekodiwa.

Kwa hiyo, ukishapandisha, vaa hedfoni tena na usikilize nyuma ya maneno. Usimfuate bibi safari hii, fuata kila kilicho nyuma yake. Jina lililoitwa, likate. Mazungumzo ya pembeni, yanyamazishe. Kama hayakatiki bila kukata maneno ya bibi, sehemu hiyo isirushwe.

Jiulize pia kwa nini mtu alizungumza chini. Huenda ni uzee, au haya, au mtoto alikuwa amelala. Huenda pia aliogopa kusikika. Aliyenong'ona kwa hofu, ukimpandisha mpaka kijiji kizima kinamtambua, umemwondolea ulinzi aliojiwekea mwenyewe. Muulize kabla: "Bibi, sauti yako itasikika redioni, na watu wanaokujua watakutambua. Uko radhi?" Akisita, kuna njia ya heshima: mtangazaji mwingine asome maneno yake, bila jina na bila kijiji. Kuibadilisha sauti kwa kompyuta iwe nene au nyembamba hakutoshi, maana ndugu na jirani humtambua mtu kwa namna anavyozungumza, si kwa unene wa sauti tu.

SAUTI: Sekunde 3 za kimya.

MTANGAZAJI: Sasa rekodi iko tayari. Imebaki kuilingana na sehemu nyingine za kipindi. Msikilizaji asilazimike kuinuka kuongeza redio bibi anapozungumza, kisha kukimbia kuipunguza muziki unapoingia.

Hapa kilele hakitoshi kuwa kipimo. Sauti mbili zinaweza kuwa na kilele kimoja, moja ikasikika kubwa na nyingine ndogo, kwa sababu sikio husikiliza wastani. Kuna kipimo cha wastani huo kinachoitwa LUFS. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulipendekeza vituo vyake vitumie −23. Wanaosambaza vipindi kwa simu na intaneti wengi hutumia karibu na −16. Muulize fundi wa kituo chako anatumia namba gani, uiandike ukutani, na kila faili ifuate namba hiyo: mahojiano, muziki na matangazo. Namba moja kwa wote ni muhimu kuliko namba yenyewe.

Hifadhi kazi yako kwa WAV. Ukihitaji MP3 ya kutuma, itoe mara moja tu, mwishoni. Kila unapofungua MP3 na kuihifadhi tena kama MP3, kinapotea kidogo, na unajua sasa kinachopotea mapema ni nini.

Kisha jaribu. Usiiamini hedfoni wala spika kubwa ya studio. Cheza rekodi kwenye simu ya kawaida, au kwenye redio ndogo ya betri, nje, karibu na mahali watu wanapotwanga au kuchota maji. Mwite mtu ambaye hakuisikia kabla, umwombe akuambie bibi amesema nini. Wewe umeshaisikia mara 20 na akili yako inajaza palipopotea. Yeye hana cha kujazia. Akisema "bibi anasema tukiguse", rudi kwenye kompyuta.

Mwisho, kumbuka kwamba rekodi iliyochukuliwa vizuri hupunguza kazi hizi zote. Ukisogeza simu kutoka sentimita 60 hadi 30 mbele ya mdomo wa msemaji, sauti yake hupanda karibu desibeli 6, na upepo na mchi hubaki palepale. Ukifika sentimita 15, umepata 12. Hakuna amri ya kompyuta inayoweza kupandisha sauti ya mtu peke yake namna hiyo. Kinachohitajika ni adabu: "Shikamoo bibi. Naomba niisogeze simu karibu, ili watoto walio mbali wakusikie vizuri." Kaa upande ambao mwili wako unazuia upepo. Funika maikrofoni kwa kitambaa chepesi. Mwombe anayetwanga apumzike dakika tano. Na kabla ya kuanza, rekodi sekunde 10 za kimya cha mahali hapo, zitakusaidia ukitaka kupunguza kelele.

Tukumbushane kwa ufupi. Hifadhi faili ya asili. Sikiliza yote kabla ya kugusa. Shusha kilele kinachozuia, ndipo upandishe. Punguza kelele kidogo, ukilinda kila katazo na kila namba. Sikiliza nyuma ya maneno, ukate kinachoweza kumdhuru mtu. Linganisha na kipindi kizima. Jaribu kwenye redio ndogo, na sikio la mtu mwingine.

Kikundi chenu cha wasikilizaji kinaweza kuanza wiki hii. Chukueni rekodi moja ya zamani iliyoachwa kwa sababu iko chini mno. Ifanyieni kazi pamoja, hatua kwa hatua. Kisha mrudieni aliyezungumza, mumsikilizishe maneno yake, mumuulize kama ndivyo alivyosema.



KIASHIRIO: Muziki wa kipindi unapanda, sekunde 15, unamalizika.